Kiapo kwa Mtu wa Ng'ambo

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimekwenda kuapishwa udiwani, nimerudi bila kuapa.

Naandika hasira ikiwa bado moto, ndiyo maana mwandiko unakimbia hivi. Watu wa Sainte-Zélie walinichagua Agosti, kwenye uchaguzi mdogo, mimi Exilda Ouellette, mjane wa Fernand, mkulima wa viazi. Walinichagua kwa jambo moja. Kuna kampuni inataka kuununua mlima wa kijiji, ule ulio juu ya visima vyetu, iupasue kwa baruti ichimbe kokoto. Madiwani wawili wanataka, wawili hawataki. Mimi niligonga kila mlango nikasema: nipeni kiti kile cha tano, mlima hauuzwi.

Basi nikavaa gauni langu la Pasaka. Ukumbini nikamkuta mdogo wangu Valmond, ambaye ndiye meya, amejitundika mkufu wake wa cheo kifuani kama farasi wa maonyesho. Ghislaine, karani wetu, akanipa karatasi.

"Soma tu, mama, halafu tunywe kahawa."

Nikasoma. Mimi, Exilda, naapa kwamba nitakuwa mwaminifu na mtiifu wa kweli kwa Mfalme, na warithi wake, na watakaomfuata...

Nikasimama hapo. "Ghislaine, watu wa Sainte-Zélie wako wapi humu?"

Maskini akaigeuza karatasi kutazama nyuma, kana kwamba walianguka upande wa pili.

"Dada, maneno tu hayo," akasema Valmond. "Mimi niliapa huku nawaza mechi ya hoki."

"Kama ni maneno tu, yafuteni."

"Hayafutiki. Ni sheria ya mkoa."

"Basi si maneno tu."

Babu zetu wa Acadie, Wafaransa wa pwani ya huku, walitakiwa waape hivihivi kwa mfalme wa Uingereza. Hawakuapa. Nyumba zikatiwa moto, watu wakapakiwa melini, mume meli hii, mke meli ile. Waliotoroka msituni wakaupanda mto, na huo ndio ukoo wetu. Na mimi, kwa umri huu, bila kushikiwa bunduki, niape kwa ajili ya kikombe cha kahawa?

Nimemrudishia Ghislaine karatasi yake. Kahawa nimeinywa, kwa sababu ni kodi yangu iliyoinunua.

Jumanne, 9 Septemba

Mvua. Simu imelia asubuhi nzima. Wengi wananipongeza. Mmoja ameniita mwehu halafu akauliza kama bado nauza viazi vya mbegu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilijua Mansel atakuja. Mansel Dibblee ni jirani yangu ng'ambo ya kijito, Mwingereza wa asili, mwenye miaka themanini na mgongo ulionyooka kama nguzo ya simu. Jikoni kwake kuna picha ya malkia marehemu, na pembeni yake ameshatundika ya mwanawe, mfalme wa sasa. Tangu Fernand afe na mashine yetu ya kuvunia imfuate, mimi huvuna kwa mashine ya Mansel. Lakini hakuja mwenyewe. Aliniita kwake, nikakaa chini ya picha hizo mbili.

"Nasikia umemkataa mfalme wangu," akaanza.

"Hajawahi kuniposa, Mzee."

"Usifanye mzaha. Babu zangu waliacha nyumba na mashamba kule Marekani ilipomwasi mfalme, kwa ajili ya taji lile. Walifika huku wakalala kwenye theluji."

"Na wangu walifukuzwa makwao na taji lilelile. Wakalala kwenye theluji ileile."

Akapuliza kahawa yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mtu akisimama juu ya vyama vyote, asiyehitaji kura ya yeyote, si bora kuliko hawa wanaotukanana kila baada ya miaka minne?"

"Asiyehitaji kura yangu anakihitajia nini kiapo changu?"

Aliposimama kunifungulia mlango alisema, "Mashine utaikuta tayari Jumatatu. Ila usimtukane mezani kwangu."

Jumatatu, 15 Septemba

Tumeanza kuvuna. Udongo mzito, mashine inakohoa. Viazi ni vikubwa na vizuri mno. Ningetamani Fernand avione.

Alhamisi, 18 Septemba

Valmond alinifuata shambani, kiatu cha mjini kikizama topeni, mkononi boksi la donati.

"Dada, nimefikiri. Wewe ndiye mwenye haki. Usiape."

Nikadhani sikusikia vizuri kwa kelele za trekta. Nikaizima.

"Usiape kabisa. Simama hapohapo. Nchi kubwa kama hii kuazima mkuu wake kutoka ng'ambo ya bahari, ni aibu. Marehemu baba angekuwa hai angejivunia."

Baba! Valmond hajalitaja jina la baba tangu mazishini. Machozi yalinijia pale juu ya trekta, nikajifuta na glavu yenye tope, na mdogo wangu akanicheka kama tulivyokuwa watoto. Amenipangia mahojiano redioni. Nilikuwa nimemdhania vibaya. Cheo hakijamla mzima.

Jumamosi, 20 Septemba

Redioni nilisema yote. Nilisema: kanisani kwetu hata msimamizi wa mnada wa keki tunampigia kura. Mkuu wa nchi tunapewa tu, kama kisukari cha ukoo. Baba akifa anatuachia mwana. Nikasema, mama yangu hakumchagua yule wa zamani, mimi sikumchagua huyu, na mjukuu wangu hatamchagua ajaye. Nikasema, si kwamba namchukia. Simjui! Hajui bei ya viazi, hajui jina la mto wetu, na mimi ndiye natakiwa nimwahidi utii, yeye hajaniahidi kitu.

Mtangazaji akauliza, "Na gharama ya kubadilisha katiba yote?"

Nikamwambia paa likivuja huulizi kama fundi ni ghali, unaweka ndoo huku unamtafuta fundi. Nafikiri nilijibu vizuri. Valmond alipiga simu kunisifu.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani nusu ya watu walinipa mkono, nusu waligundua ghafla kwamba viatu vyao vinahitaji kutazamwa. Nikarudi nikapika ploye, chapati zetu nyembamba, nikazila zikiwa moto na siagi, peke yangu, kwa hasira, nyingi mno.

Jumatano, 24 Septemba

Siku mbaya. Nitaiandika yote.

Mchana alikuja Verna Sacobie. Verna na mimi tulisimama kwenye mkanda mmoja wa mashine katika kiwanda cha chipsi tulipokuwa wasichana, tukiokota viazi vibovu na kusengenya wasimamizi. Siku hizi amekaa kwenye baraza la watu wake, Wawolastoqey, taifa la kwanza la bonde hili, hapo upande wa chini wa mto, na kila vuno huja kuchukua magunia yake kwangu. Tukakaa ghalani juu ya makreti.

"Nimekusikia redioni, bibie. Umesema vizuri. Ila ulisema 'nchi yetu, nchi yetu' mara nyingi mpaka nikaanza kujiuliza mimi nimo kwenye 'yetu' hiyo au nimo kwenye nchi mnayoimiliki."

Nikacheka. Yeye alitabasamu kidogo tu.

"Sikiliza. Wazee wetu walifanya mikataba na taji. Siyo na mkoa, wala na bunge. Walipeana mkono na taji, taifa kwa taifa. Mkimwondoa mfalme kesho, nani atasimama mahali pake aseme: ndiyo, mimi ndiye niliyeahidi? Huyo rais wako wa kura? Huyo atatuambia yeye aliahidi barabara tu."

"Kwa hiyo unampenda mfalme?"

"Nani kataja mapenzi hapa? Mtu aliyekuahidi kitu humwachi atokee mlango wa nyuma. Mkitaka kumbadilisha, sawa, labda. Lakini sisi tuwe mezani kabla hamjaanza kukata keki."

Miaka yote hii najiona mtoto wa waliodhulumiwa na taji, wala sikujiuliza babu zangu walipoupanda mto walikaribishwa kwenye ardhi ya nani. Nilikasirika, na ubaya wa hasira hii ni kwamba sikuona wa kumkasirikia isipokuwa mimi.

Akafunga gunia. "Valmond anasemaje?"

"Ananiunga mkono. Amesema nisiape hata iweje."

Verna akaacha kamba. "Valmond kasema hivyo? Exilda, mwenzangu. Hebu wahesabu madiwani."

"Wawili kwa wawili."

"Na kura zikilingana nani anaamua?"

Meya. Meya ndiye anaamua. Meya hapigi kura ila zinapolingana.

"Lakini Valmond hana upande," nikasema. "Amesema siku zote hana upande."

"Masika alikuja barazani kwetu na watu wa kampuni, ameshika picha za malori. Alitaka tusilete pingamizi juu ya kijito. Alisema Sainte-Zélie imekwishakubali. Nilidhani unajua."

Sikujua. Nilimpakilia magunia yake kwa kuyatupa, moja likapasuka.

Kabla hajaondoka alisema, "Hasira yako ni ya haki. Sikwambii uape wala usiape. Ila mfalme unaweza kupigana naye hata mwakani. Mlima ukishapasuliwa, hakuna mwakani."

Alhamisi, 25 Septemba

Nilimkuta Valmond dukani kwake, amelala chini ya pikipiki ya theluji aliyokuwa akiitengeneza. Nikampiga teke kwenye soli.

"Toka."

Akatoka, uso una grisi.

"Uliniambia nisiape ili kiti changu kibaki kitupu."

Hakukana. Heri angekana.

"Dada, kijiji kinakufa. Shule imebakiwa na madarasa mawili. Vijana wote wako Moncton, wako Alberta. Machimbo ni kazi. Mwenye kazi hujenga, aliyejenga huzaa. Wewe una mfalme wako wa kugombana naye, mimi nina mji wa kuzika."

"Na maji?"

"Wahandisi wamesema maji hayatadhurika."

"Wahandisi wa nani?"

Akatafuta kitambaa cha kujifutia mikono.

"Ungekuja ukaniambia haya," nikasema. "Tungegombana kama watu. Badala yake ukaja na donati. Ukaja na baba!"

"Hilo la baba lilikuwa kweli."

"Ndiyo. Ndiyo maana ulilitia kwenye ndoana."

Nilitoka. Nimeendesha mpaka mpakani mwa kijiji na kurudi, na njia nzima nilikuwa nazungumza peke yangu kwa sauti. Kinachonichoma zaidi ni kwamba kuhusu shule hakusema uongo.

Jumatatu, 29 Septemba

Jalidi ya kwanza alfajiri. Mashamba meupe. Udongo ukiganda na viazi vimo, vimekwenda. Mansel amekuja kuendesha mashine mwenyewe, kofia imefunika masikio, na hatukuongea ila "kushoto", "simama", "twende".

Alhamisi, 2 Oktoba

Ghislaine amepiga simu. Mwisho wa kuapa ni Jumatatu, na jioni hiyohiyo kura ya mlima. Nisipoapa, kiti kinatangazwa wazi.

Nimemuuliza kama naweza kuapa kwa watu wa hapa, halafu kama naweza kuapa kwa nchi, halafu kwa katiba. Kila mara akajibu, "Hapana, mama, samahani," kwa sauti ya mtu anayemnyima mtoto pipi.

Mvua na baridi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimemwambia Mansel kwamba nitaapa.

Alikuwa juu ya mashine. Akaizima, na shamba zima likanyamaza.

"Utaapa, au utasoma?"

"Nitasoma."

"Mimi niliapa nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaenda kulinda amani Kupro na bunduki ambayo sikuruhusiwa kuifyatua. Niliapa kwa moyo wote. Kwangu maneno yale si kokoto ya kumwaga njiani ili mtu apite."

"Kisima chako kiko chini ya mlima ule, Mzee. Kama changu."

"Najua. Nataka ushinde. Usinitake tu nipige makofi."

Akawasha mashine. Niliyemwona siku zote kuwa mzee wa picha ukutani ndiye mtu pekee kijijini, zaidi yangu, anayeamini kwamba kiapo kina uzito. Tumekaa pande mbili za jambo lile, na wengine wote wako barabarani wanatutazama wakila donati.

Jumatatu, 6 Oktoba

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama karibu na vyoo. Verna alikuwa nyuma na wanawake watatu wa barazani kwao. Mansel alivaa suti, na medali yake.

Kabla ya kuapa nikaomba kusema neno. Valmond akatazama saa yake. Nikasema, "Naomba iandikwe kwamba kiapo hiki natakiwa nikitoe, sikitaki. Mlionichagua ni ninyi, na nitawatumikia ninyi."

"Hotuba haiingii kwenye kiapo," akasema Valmond.

"Basi iingie kwenye masikio."

Watu wakacheka. Nikashika karatasi. Nilidhani nitasoma haraka kama mtu anayemeza dawa chungu, lakini nilipofika kwenye "warithi wake" nilikwama. Sikuwa na woga. Ilikuwa aibu. Niliona meli zile. Nikaona pia medali ya Mansel, naye hakuinua macho. Nikamaliza. Ghislaine akanipa kalamu, nikatia sahihi. Hivyo tu. Kitu ambacho babu zangu walichomewa nyumba kwa kukikataa, mimi nimekitoa kwa muda wa kuchemsha yai.

Kisha kura. Wawili ndiyo, watatu hapana. Mlima hauuzwi.

Kelele zilizopigwa! Watu walikumbatiana, mtu akanibusu kwenye sikio. Valmond alipiga rungu lake la mbao mezani na hakuna aliyemsikia. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na kwa kitambo kidogo nilimwonea huruma, nikaikumbuka shule.

Walipotulia nikainua mkono tena. Nikaleta hoja: halmashauri iuandikie mkoa kwamba diwani aweze kuapa kwa watu waliomchagua, na iiandikie serikali kuu kwamba wananchi waulizwe kama wanataka mkuu wa nchi wa kuchaguliwa, mataifa ya kwanza ya ardhi hii yakiwa mezani tangu mwanzo.

"Nani anaunga mkono?" akauliza Valmond.

Hoja isipopata wa pili, inakufa.

Nikamtazama diwani wa kulia kwangu, niliyemwokolea mlima wake. Anachezea kalamu. Nikamtazama wa kushoto. Amepata kitu cha kusoma. Watu walewale waliokuwa wananibusu dakika moja iliyopita wakaanza kuvaa makoti. Mtu akasema, "Exilda, umeshashinda, tulia."

Tulia! Kumbe hasira yangu ilikuwa inawafaa ilipokuwa inasukuma gari lao. Gari limetoka topeni, sasa aliyesukuma anawachafulia viti.

Ndipo Mansel akasimama, kule kwenye viti vya wananchi. "Mimi si diwani, siwezi kuunga mkono. Ningekuwa diwani, nusu ya kwanza ningeiunga. Kiapo cha kumlazimisha mtu kinamvunjia heshima hata yule anayeapiwa. Nusu ya pili ningeipiga teke mpaka mtoni."

Ukumbi ukaangua kicheko. Valmond akagonga rungu. Hoja imekufa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimevuna.

Ijumaa, 10 Oktoba

Shamba la mwisho. Lori moja halikufika, tukakwama na viazi nje na jua linashuka. Likaja lori la Valmond. Tulipakia pamoja mpaka likajaa. Alipofunga mlango wa nyuma alisema, "Vizuri mwaka huu." Nikasema, "Vizuri." Bado nimemkasirikia, na viazi vyangu viko ghalani kwa sababu yake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya Shukrani. Mansel alitualika, mimi na Verna. Bata mzinga mkavu kama mbao, maana huwa anamsahau jikoni, na pai nzuri ya maboga. Verna alikaa akitazamana na picha ya mfalme ukutani, akamwambia, "Mzee, mwambie huyu jamaa tunasubiri," na Mansel akajibu kwa heshima kabisa kwamba atamfikishia.

Mezani ugomvi ulianza kabla ya mchuzi.

"Haya, mchague mkuu wako wa nchi," akasema Mansel. "Unajua utampata nani? Utampata Valmond! Valmond mwenye ndege na gwaride. Ndio wanaoshinda uchaguzi, watu wa namna ile."

"Heri Valmond."

"Heri?"

"Heri, Mzee. Valmond nimemfuata dukani kwake nikampiga teke kwenye soli. Nimempinga ukumbini mbele ya watu. Na Mei ni uchaguzi, nami nitagombea umeya dhidi yake nimtoe. Wewe mfalme wako akikukosea utamfanya nini? Utamgeuzia picha ukutani?"

Verna akaweka uma chini. Hata mimi nilishtuka, maana lile la kugombea sikuwa nimelifikiri mpaka lilipotoka. Lakini limetoka, na sitalirudisha.

Mansel alinitazama, kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Na ukishinda, binti," akasema, "itabidi uape tena. Kwa mfalme wangu. Na mrithi wake. Na watakaomfuata."

Akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Verna naye akashindwa, akacheka kwenye kitambaa. Tukamaliza pai yote.

Mimi sikucheka. Naliandika hapa ili mwezi Mei nikumbuke kwamba sikucheka.